Mkono wa Mlezi

Usukani ulijisogeza kushoto upana wa kidole, ukarudi, na ndege ndogo ya viti vitatu ikanyooka dhidi ya upepo wa ubavuni kama maksai aliyezoea jembe. Editruda Nkoswe alikuwa ameushika usukani huo kwa mikono miwili. Magurudumu yaligusa lami ya uwanja wa Sumbawanga kwa ulaini ambao hata chai isingemwagika.

"Safi," ilisema sauti ndani ya kofia yake. "Alama tisini na nane."

Hiyo ilikuwa sauti ya Mlezi. Mlezi hakuwa mtu. Alikuwa mashine ya ukubwa wa begi la shule, iliyofungwa chini ya kiti cha kulia, yenye vyuma viwili vyembamba vilivyoungwa kwenye usukani na pedali. Kazi yake ilikuwa kumfundisha binadamu kurusha ndege na kumkinga asife wakati anajifunza.

Miaka hiyo binadamu hakuhitajika tena angani. Ndege-jiendeshe, zisizo na rubani wala kiti cha rubani, ndizo zilizobeba dawa, damu na wagonjwa. Zilisikiliza setilaiti, zikapaa, zikatua, basi. Lakini kila baada ya miaka kadhaa jua lilitema tufani, setilaiti zikawa viziwi kwa siku tano au sita, na ndege-jiendeshe zote zikabaki chini kama kuku walionyeshewa. Kwa ajili ya siku hizo sheria ilitaka kila wilaya iwe na rubani wa akiba: mtu wa nyama na damu, na ndege ya zamani isiyotegemea setilaiti, nayo ina Mlezi wake. Marubani hao walikuwa sitini na watatu. Wote walifundishwa Sumbawanga, wote na Mlezi, na kwa miaka kumi na moja hakuna mwanafunzi aliyepinda hata gurudumu.

Editruda alikuwa muuguzi wa Muze, bondeni, chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, ule ukuta mrefu wa milima. Tufani iliyopita ilimkuta na mama mjamzito ambaye mtoto amekaa vibaya tumboni. Walitangaziwa kwamba rubani wa akiba yuko njiani, wakasubiri siku mbili. Rubani, kijana aitwaye Deodatus, wa kwanza kuitwa kwenye tufani tangu Mlezi aje, aligonga ukingo. Ripoti ilisema ni upepo. Mama naye alifariki. Wiki iliyofuata Editruda aliandika barua ya kuomba kujifunza urubani, akiwa na miaka thelathini na minne, na maswali mengi kuliko wanafunzi wote waliomtangulia.

"Wewe," alimwambia siku moja Mzee Gaudensi Sikazwe, mkuu wa chuo, "ukitokewa na malaika utamuuliza kwanza mabawa yake yamefungwa kwa kitu gani."

"Na asiponijibu, nitajua si malaika, mzee wangu."

Mtihani wake ulikuwa Ijumaa. Jumatano asubuhi alipaa na Mlezi kwa somo la mwisho, somo la kuzirai. Bawa halishikiliwi na injini, linashikiliwa na upepo unaopita juu yake. Ukiinua pua kupita kiasi, upepo unaachana na bawa, na bawa linazirai kama mtu aliyekosa hewa. Dawa yake ni kushusha pua, jambo ambalo mwoga hulikataa, maana pua tayari inaelekea ardhini.

Mlezi alieleza hayo. Akaeleza tena. Akaeleza mara ya tatu kwa maneno yaleyale.

Kitabu cha chuo kilikuwa na majibu kumi na sita ambayo mwanafunzi alitakiwa kuyatumia anapoongea na mashine. Ukitaka kusema umeelewa, unasema: nimeelewa. Ukitaka kuendesha, unasema: nachukua udhibiti, na taa ya kijani inawaka. Editruda aliyajua kama sala. Lakini mara ya tatu alichoka.

"Nimeshika, bwana! Nimeshika!"

"Haya," alisema Mlezi. "Kwako."

Usukani ukafa mikononi mwake. Ndivyo alivyohisi. Kwa saa arobaini za kuruka, usukani ule ulikuwa kitu chepesi, chenye uhai kidogo, kama mkono wa mtu unayecheza naye muziki. Sasa ulikuwa chuma tu. Ndege ikainua pua, hakujua kwa nini. Akasukuma, akasukuma mno. Akavuta. Honi ya kutahadharisha ikalia, bawa la kushoto likalegea, na Ziwa Rukwa lote likahamia kwenye kioo cha mbele.

"Mlezi!"

Maji yakazidi kukaribia.

"Mlezi, fanya kitu!"

"Wewe ndiye uliyeshika," alisema Mlezi kwa upole.

"Shika wewe! Shika!"

"Nimeshika."

Vyuma viwili vilicheza mara tatu tu. Upeo wa macho ukarudi mahali pake, na ndege ikaendelea na safari yake kama vile haikuwahi kuanguka. Editruda aliondoa mikono kwenye usukani, akaiweka mapajani. Ndege iliendelea kuruka sawasawa, ikakata kona, ikapanda kidogo. Aliitazama kwa muda mrefu. Hofu ilipopungua, mahali pake pakaja swali.

"Mlezi. Kabla ya leo, nani alikuwa anarusha ndege hii?"

"Mimi."

"Hata niliposema nachukua udhibiti? Hata taa ya kijani ilipowaka?"

"Taa ya kijani inaonyesha kwamba mwanafunzi ameweka mikono yake. Sentensi hiyo sikufundishwa kuwa ni amri ya kuachia. Mwanafunzi akiitamka, namruhusu afuate mkono wangu."

"Na neno la kuachia ni lipi?"

"Nimeshika. Nilifundishwa kwa sauti za marubani wa zamani, saa elfu sita za mazungumzo yao. Rubani anayepokea ndege husema nimeshika, na anayetoa husema kwako."

"Ni wanafunzi wangapi wamewahi kulisema?"

"Mmoja. Dakika nne zilizopita."

Editruda alimkuta Mzee Gaudensi ofisini, anakula karanga mezani. Alimweleza yote akiwa amesimama. Mzee aliacha kutafuna.

"Rudia hilo neno."

"Nimeshika."

"Ndilo tulilokuwa tunasema sisi," alisema mzee. "Kabla ya kitabu. Ikaja kamati ya istilahi, watu wenye tai. Wakaniambia: Sikazwe, nimeshika ni neno la sokoni, mtu anashika embe, anashika njia, anashika hata alichofundishwa. Rubani anahitaji neno la heshima. Wakaweka udhibiti. Nikasema sawa."

"Na mashine nani aliiambia?"

Mzee alisimama akaenda dirishani. Mwanzoni mwa barabara ya kurukia kulikuwa na doa jeusi la mpira, refu kama kitanda, mahali ambapo magurudumu hugusa.

"Unaliona doa lile? Wakati wetu lami nzima ilikuwa na michirizi. Huyu kagusa huku, yule kule, mwingine kwenye majani kabisa. Tangu Mlezi aje, wote wanagusa palepale. Miaka kumi na moja, mama. Nilikuwa nawaleta wageni hapa dirishani niwaonyeshe. Nikawaambia, ona wanafunzi wangu."

"Hukuwahi kupanda nao?"

"Sheria inasema Mlezi peke yake ndiye afundishe. Mimi moyo wangu mbovu, kazi yangu ni saini."

Editruda aliuliza polepole, maana jibu alishaliona. "Kwenye tufani, Mlezi anazimwa?"

"Anazimwa. Naye anasikiliza setilaiti."

"Kwa hiyo Deodatus..."

"Alikuwa na saa mia mbili na kumi kwenye daftari lake," alisema Mzee Gaudensi. "Alipopaa siku ile ilikuwa mara yake ya kwanza kurusha ndege. Na saini ni yangu."

Mzee akageuka, uso umemkauka.

"Sikiliza. Ijumaa ukisema neno la kitabu, utapata tisini na kitu kama wenzako. Nitatia saini, Muze itapata rubani wake, na mimi na wewe tutajifunza kweli taratibu, nje ya karatasi. Ukisema lile neno jingine, unaanguka. Na anayeanguka harudii mpaka miezi sita ipite. Bonde lote litabaki halina mtu."

"Sasa hivi linaye?"

"Kwenye karatasi litakuwa naye."

"Mzee, yule mama alikufa kwa sababu ya karatasi. Tungejua hakuna rubani, tungembeba kwa machela siku ya kwanza. Vijana walikuwepo, njia ya kupanda ukingo ipo, masaa kumi na nne mtu unafika juu. Mimi ndiye niliyewazuia. Nikawaambia tulieni, serikali ina rubani." Alifuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Afadhali wajue hawana."

Ijumaa upepo ulikuwa wa ubavuni tena. Mzee Gaudensi, moyo mbovu na yote, alipanda akakaa kiti cha nyuma. Sheria haikusema kwamba haruhusiwi kukaa.

"Mtahiniwa yuko tayari?" aliuliza Mlezi.

"Nimeshika," alisema Editruda.

"Kwako."

Waliondoka wakiyumba, gurudumu moja likinyanyuka kabla ya jingine. Angani hakuweza kushika kimo. Walipanda na kushuka kama watu wanaotafuta nyumba wasiyoijua. Lakini kitu fulani kilimshangaza. Usukani ule uliokuwa umekufa ulikuwa unasema. Ulitetemeka kabla bawa halijalegea. Ukawa mzito walipokwenda kasi, ukalainika walipopunguza. Mlezi alikuwa amemziba masikio kwa saa arobaini.

"Mzee, inatetemeka! Ni nini?"

"Bawa linakaribia kuzirai, linakuomba upepo! Shusha pua!"

Akashusha. Mtetemo ukaisha.

"Loo!" alisema, akacheka peke yake.

Kutua hakukuwa na kicheko. Waligusa, wakaruka, wakagusa, wakaruka tena juu ya doa jeusi, na mara ya tatu gurudumu la mbele likavunjika na ndege ikaburuza pua hadi kwenye majani. Vumbi lilipotulia, Mzee Gaudensi alikuwa ameshika kifua kwa mkono mmoja na paa kwa mkono mwingine.

"Mzee wangu, uko mzima?"

"Niko mzima. Wewe umeanguka."

"Alama thelathini na moja," alisema Mlezi.

Mzee aliichukua karatasi ya alama zile, karatasi ya kwanza ya kweli kutoka katika chuo chake, akaibandika kwenye barua aliyokuwa amekwisha kuiandika kwa mkono wake. Barua ilienda wizarani, na nakala kwa marubani wote sitini na watatu na kwa wilaya zao. Ilisema wazi kwamba nchi haina rubani wa akiba hata mmoja. Ilisema pia, bila kuficha, Deodatus aliuawa na nini, na nani alitia saini. Mzee aliondolewa ukuu ndani ya wiki moja. Aliombwa abaki kama mwalimu, maana hakuna mwingine aliyekumbuka.

Marubani walianza kufika mwezi uliofuata. Wa kwanza alikuwa Kapteni Onesfori Tenganamba, mwenye miaka minane kazini na beji ya bawa la dhahabu kifuani. Alimkuta Editruda kwenye benchi nje ya banda, mikono imejaa grisi, akisubiri zamu yake, kwani wizara ilikuwa imeifuta ile miezi sita.

"Dada, wewe ndiye uliyevunja ndege halafu ukasema na sisi hatujui kurusha?"

"Ndiye mimi, kapteni. Karibu."

"Nimeruka saa mia nne mimi. Nimepeleka damu Kipili kwenye mazoezi."

"Mlezi akiwa amewashwa?"

"Amewashwa, ndiyo, lakini..." Kapteni alivaa kofia, akapanda na Mzee Gaudensi.

Walirudi baada ya dakika ishirini. Mzee alishuka kwanza, akaelekea bandani. Onesfori alikaa ndani muda mrefu mlango ukiwa wazi. Alipofika kwenye benchi shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima, na lile bawa la dhahabu alikuwa amelivua amelifumbata kiganjani.

"Dada," alisema. "Hii mikono... ilikuchukua siku ngapi kuacha kutetemeka?"

"Bado haijaacha," alisema Editruda, akasogea pembeni ili naye apate mahali pa kukaa.