Gari Haliondoki

Kila Jumamosi asubuhi, Kisiki alikuwa wa kwanza kufungua mlango wa bati wa karakana ya shangazi yake. Alifagia vumbi, akapanga spana kwa ukubwa, akamwaga mafuta machafu. Jina la Kisiki alipewa na shangazi mwenyewe, kwa sababu msichana huyo akisema hapana, hata umvute kwa kamba habanduki. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa ubishi aliwashinda watu wazima wengi.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja. Gari lililoletwa kwa kuvuja halikurudi kwa mwenyewe mpaka lilale usiku mzima juu ya boksi safi lililokunjuliwa chini ya injini. Boksi likilowa, gari linabaki. Likiwa kavu, gari linakwenda. "Boksi halina ndugu," shangazi alipenda kusema. Mafundi wengine wa mtaa walimcheka kwanza, kisha wakamwiga.

Siku hiyo juu ya boksi lilikuwepo gari la mkunga. Jana yake lilikuwa limechemka njiani. Shangazi aliukuta mpira wa juu wa rejeta umepasuka, akaweka mpya, na Kisiki akapewa kazi ya kukaza vibano vyake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukabidhiwa kazi ya maana, akarudi nyumbani kifua mbele.

Sasa aliinama akatazama. Boksi lilikuwa kavu. Akafungua boneti, akaangalia chupa ya maji ya kupozea injini, akashtuka. Maji yale ya kijani yalikuwa vidole viwili chini ya alama, na jana yeye mwenyewe ndiye aliyeyajaza.

"Watasema ni vibano vyangu," aliwaza. Akachukua galoni, akajaza chupa hadi kwenye alama, akafunga boneti. Hakumwambia mtu.

Shangazi alipofika alikagua boksi, akakagua chupa, akaridhika. Muda si mrefu mkunga naye akaingia mbiombio, mkoba wa kazi begani. Mama mwenye mimba ya mapacha alikuwa akimsubiri kwenye zahanati ya mlimani, na uchungu ulikuwa umeshaanza.

"Chukua gari lako, dada," shangazi alisema. "Boksi kavu."

Mkunga akapokea ufunguo. Kisiki alijua kwamba maji yakiendelea kupungua, gari lile lisingefika hata nusu ya mlima. Akaenda akasimama mbele ya gari, akakunja mikono.

"Gari haliondoki."

"Nipishe, mwanangu," mkunga alisema. "Kuna mtu ananisubiri."

"Najua, mama. Ndiyo maana haliondoki."

Shangazi alikunja uso. "Kisiki, leo si siku ya ubishi. Boksi kavu, chupa imejaa. Unataka nini tena?"

"Chupa nimeijaza mimi leo asubuhi." Miguu yake haikusogea. "Maji yalikuwa yamepungua vidole viwili. Niliogopa utasema sikukaza vibano. Niadhibu unavyotaka, shangazi, lakini maji hayana miguu. Kuna mahali yamekwenda."

 Hasira ilikuwa wazi usoni mwa shangazi. Kisha akamgeukia mkunga. "Nipe saa moja, dada."

"Moja tu," mkunga alijibu, akaanza kuipigia zahanati simu.

Injini ilikuwa baridi, kwa hiyo shangazi alifungua mfuniko wa rejeta bila hofu. Ingekuwa ya moto, hakuna fundi mwenye akili timamu ambaye angeugusa. Akafunga pale pampu ndogo ya mkono yenye mshale, akapiga. Mshale ulipanda, kisha ukaanza kushuka polepole, ishara kwamba maji yanavuja mahali fulani. Walipapasa kila mahali. Rejeta ilikuwa kavu, na vibano vya Kisiki vilikuwa vikavu kabisa.

"Umeona?" Kisiki alisema. "Si mimi. Lakini yanatoka."

"Umeshajitetea, sasa fikiri. Kama hayaangukii chini, yanaangukia wapi?"

Kisiki akamgeukia mkunga. "Mama, huko ndani hujaona kitu?"

"Kioo kinaingia ukungu tangu juzi," mkunga alisema. "Na kuna harufu fulani tamutamu. Nilidhani nimemwaga dawa."

Kisiki alifungua mlango wa abiria, akainua zulia, akabonyeza sponji iliyokuwa chini yake. Vidole vilitoka na rangi ya kijani.

"Usilambe, hiyo ni sumu," shangazi alisema upesi. Akachungulia chini ya dashibodi, akatikisa kichwa. "Ni rejeta ndogo ya hita, ile inayopasha joto ndani ya gari. Inavujia ndani. Boksi lingekaa pale mwaka mzima lisilowe."

Mipira miwili ilipeleka maji kwenye hita na kuyarudisha. Shangazi aliichomoa yote miwili, akaiunganisha kwa kipande cha bomba la chuma ili maji yasipite tena kwenye hita. Vibano alimwachia Kisiki. Walipopiga pampu tena, mshale ulipanda na kukaa palepale. Wakajaza maji, wakawasha injini, wakatoa hewa iliyonaswa kwenye mipira, wakasubiri ipate moto. Haikuchemka. Saa moja haikuwa imeisha mkunga alipoondoka.

Alasiri mkunga alipiga simu. Gari lilifika, na mapacha wamezaliwa salama.

"Vibano vyangu vilikuwa sawa," Kisiki alisema, kidevu juu.

"Vilikuwa sawa. Na utaosha spana zote kwa mwezi mzima."

"Nitaosha. Lakini nisingesimama pale, ungeliruhusu."

"Ningeliruhusu," shangazi alikiri. "Niliamini boksi nikasahau kufikiri, na hilo ni kosa langu. Wewe bishana nami utakavyo, mwanangu, mradi unabishania ukweli. Asubuhi, ulipoijaza chupa kwa siri, uliubishia ukweli wenyewe. Kosa likisemwa, tunalirekebisha hapa karakanani. Likifichwa, linamkuta mwenye gari mlimani akiwa peke yake."

 Kisiki akavuta ndoo, akaanza kuosha spana.