Sauti ya Babu na Ramu ya Pili

Kila siku alasiri, akishavua sare za shule na kunawa uso, msichana wa miaka kumi na mitatu aliketi mbele ya kompyuta ya mama yake, na babu yake akaketi kando. Babu alikuwa na uvimbe kooni. Daktari alishasema bila kuficha kwamba sauti ingekwisha. Basi mzee alisimulia maisha yake, mjukuu akachapa.

Kompyuta ilijikokota kama kobe. Babu alipomaliza sentensi ya tatu, yenyewe ilikuwa bado kwenye ya kwanza.

Siku moja, mama akiwa kazini, msichana alifungua kasha la kompyuta ingawa alikuwa amekatazwa. Ndani aliona ramu moja, kile kibao chembamba ambacho kompyuta hutumia kukumbuka kazi inayoendelea. Pembeni palikuwa na nafasi tupu. Akachomoa ramu ya kompyuta mbovu ya mjomba, akaipachika hapo. Mbili si bora kuliko moja?

Siku hiyo babu alisimulia habari za dada yake mdogo, aliyefia njiani walipokuwa wakihama kwa miguu. Hakuna mwingine aliye hai aliyemjua. Walipofika ukurasa wa nne, kioo cha kompyuta kiliganda. Kompyuta ilipowashwa tena, kurasa zile hazikufunguka.

"Kulikoni, mjukuu wangu?"

"Umeme, Babu. Umeyumba."

"Haya, tuanze upya."

Kesho yake akaanza upya, sauti ikikwaruza, akinywa maji kila baada ya maneno machache. Moyo wa msichana ulimwambia sema, yeye akaendelea kuchapa. Kioo kikaganda tena.

Siku ya tatu babu alifumbua kinywa, ikatoka pumzi tupu.

Ndipo msichana alipomkimbilia mama yake jikoni akamweleza yote huku akilia. Mama hakumfokea. Akaenda kumwita fundi wa kompyuta, mwanamke wa mtaa wa pili.

"Hizi hazina kasi moja," fundi alisema, akizitazama ramu mbili kwenye mwanga wa dirisha. "Kompyuta huzilazimisha zote zifuate mwendo wa ile ya polepole. Wakati mwingine huelewana. Hizi zimegombana, zikaharibu mlichoandika."

Akairudisha ile ya kwanza peke yake, mashine ikatulia. Kurasa za zamani zilikuwa salama. Za dada wa babu hazikupatikana.

Babu, aliyekuwa amesikia yote, aliomba kalamu. Kwa wiki nzima aliandika habari za dada yake neno moja moja, zikafika nusu ukurasa, nguvu zikamwishia. Msichana alizichapa bila kuacha hata nukta. Chini kabisa babu alikuwa amemwandikia yeye:

"Ulipofungua kasha, ulitaka kunisaidia mimi. Uliposema umeme, ulijisaidia mwenyewe, nami nikamaliza sauti yangu. Yote nimekusamehe. Lakini ukikosea tena, mjukuu wangu, sema siku ileile."