Nani Atatumia Kompyuta Hii?

Jua lilikuwa linazama Fundi Tarumbeta alipobisha hodi kwa mjane, mkoba wa vifaa begani, flashi mfukoni. Jina la Tarumbeta alipewa na majirani, na wala hajawahi kushika ala ya muziki. Ni mdomo tu. Akiingia sebuleni kwako, zima redio, huna utakachosikia.

Alikuja kupiga windo, ile programu inayoendesha mashine, upya kwenye kompyuta kuukuu ya mezani. Kazi nyepesi. Unafuta ya zamani, unaweka mpya, unasubiri huku ukipiga soga na mwenye nyumba.

"Umechelewa," alisema mjane.

"Shikamoo kwanza, mama, ndipo unigombeze."

Mjane alisogea pembeni apite. Alimwonyesha chumba kwa kidevu.

Chumba chenyewe kilikuwa kama kabati lililopewa dirisha. Meza, kiti cha mbao chenye mto uliobonyea, na mashine yenyewe: monita yenye kisogo kikubwa, kibodi iliyofutika herufi kwa kupigwa miaka na miaka. Na harufu... Dawa ya kikohozi, na tumbaku iliyolala.

"Ni ya marehemu mume wangu," alisema mjane. "Futa kila kitu."

"Hata picha? Hata nyaraka? Maana nikishafomati, mama, usije ukanililia."

"Nimesema kila kitu. Asibaki."

"Thubutu!"

Sauti ilitoka kwenye korido. Mwanamke mrefu, mtandio umefungwa kiunoni kama mtu aliyejiandaa kwa ngumi. Wifi yake mjane, dada wa marehemu.

"Kaka yangu aliapa hatoki kwenye kiti hicho, akiwa hai wala akiwa maiti. Na wewe fundi, makalio yako unayaweka wapi?"

Tarumbeta alikuwa ameshakaa.

Mto ulikuwa wa moto.

"Mmenipashia kiti," alisema, akacheka. Alicheka peke yake.

Aliinama atafute waya wa umeme. Akaupata sakafuni, haujachomekwa popote. Aliponyanyua kichwa, monita ilikuwa inawaka.

"Umeme wa akiba," alijiambia. Mashine kuukuu ina vituko vyake. Akachomeka waya, akachomeka flashi, akazima na kuwasha, akaingia kwenye ukurasa wa kufuta diski. Kidole kilipokaribia kitufe...

Mtu alikohoa.

Kikohozi kikavu, cha chini, kama cha mtu anayesafisha koo kabla ya kukutukana. Tarumbeta aligeuka. Mjane alikuwa mlangoni, midomo imebanwa. Wifi naye alikuwa akikitazama kiti.

"Nani anaumwa humu?"

"Aliyekuwa anaumwa tumeshamzika," alijibu mjane. "Endelea."

Basi vitufe vya kibodi vikaanza kubonyea vyenyewe. Ta... ta... ta-ta-ta... Taratibu, kwa ustadi, kama mpiga chapa aliyeshiba.

Mwenye akili zake angeacha mkoba na viatu. Tarumbeta alikuwa na akili, lakini alipenda sifa zaidi. Angesimulia nini kesho kijiweni? Kwamba amekimbizwa na kibodi?

Alibonyeza. Futa.

Feni ya mashine ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Kikohozi kikasikika ndani ya boksi la kompyuta. Kisha chini ya meza. Kisha nyuma ya sikio lake, karibu kabisa, kikiwa na pumzi.

Tarumbeta hakugeuka. Alitazama asilimia zikipanda na kwa mara ya kwanza tangu aanze ufundi hakuwa na soga.

Mwisho windo mpya ikatulia, ikauliza swali lake la siku zote. Nani atatumia kompyuta hii?

Hapa ndipo mjue tabia ya huyu bwana. Mafundi wengine huandika jina la mteja. Yeye aliandika lake. Ofisi ya shule, zahanati, duka la dawa, hata kompyuta ya sebuleni kwake, ambayo mkewe alikuwa haigusi: zote zikiwashwa zinasema "Karibu, Fundi Tarumbeta". Daktari alishalalamika kwamba wagonjwa wanauliza huyo Tarumbeta anatibu siku gani. Lakini jamaa alisisitiza: ikiharibika, mtajua nani wa kumwita.

Vidole vikaenda kwenye kibodi.

"Usiandike jina lako." Wifi sasa alinong'ona, na mnong'ono ule ulitisha kuliko makelele yake. "Ametolewa, hana pa kukaa. Atamfuata mwenye jina."

"Niandike lako, basi?"

"Acha wazi, mjinga wewe! Zima uondoke!"

Mjinga? Mbele ya mteja? Tarumbeta alimgeukia mjane. "Mama, wewe unasemaje?"

"Andika kama unavyoandika siku zote."

Hakujiuliza mama huyu amejuaje anavyoandika siku zote. Kwa hasira, akimkazia wifi macho, alipiga jina lake herufi kwa herufi, akabonyeza.

Kimya.

Feni ilisimama. Harufu ya dawa na tumbaku ikatoka chumbani kama imeitwa.

Mto ukapoa.

Mjane alifungua dirisha, akavuta pumzi ndefu. Akatabasamu, na lile tabasamu halikuwa la shukrani.

"Mafundi wamejaa mji huu," alisema. "Wewe jina lako nililiona zahanati, kwenye kioo cha mashine. Nikasema, huyu ana nafasi ya kumpokea mtu." Akamtupia mkoba kifuani. "Haya, toka nyumbani kwangu."

Komeo likagonga nyuma yake. Ndani, wifi alikuwa akilia, "Kaka... kaka..."

Hajafika kona, simu ikaita. Mlinzi wa zahanati.

"Fundi, hii mashine yako imewaka yenyewe. Inaandika. Na humu ndani kuna mtu anakohoa, simwoni..."

Tarumbeta akakata. Ikaita tena. Mlinzi wa shule. Hakuipokea. Zahanati, shule... Njia ileile anayopita yeye kila siku akirudi...

Nyumbani.

Alikimbia. Mkoba ukamdondoka, akauacha. Akafika kwake hana pumzi, akagonga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Nani?" mkewe aliuliza kutoka ndani.

"Mimi! Fungua, mke wangu. Fungua utoke nje!"

"Wewe nani?"

"Mume wako! Tarumbeta!"

Alisikia kanga zikiburuzwa, mkewe akisogea mlangoni. Aliposema tena, alinong'ona.

"Wewe mtu, nenda zako. Mume wangu ameshaingia. Amekaa kwenye kompyuta yake."

Ta... ta... ta-ta-ta...

Tarumbeta akafungua mdomo apige kelele, mdomo ule uliojulikana mji mzima. Koo likawasha.

Kilichotoka ni kikohozi. Kikavu, cha chini.

Na kule ndani, kwa sauti yake yeye mwenyewe, mtu akacheka na kusema, "Mama watoto, usimfungulie huyo. Njoo nikupigie soga."