Tiketi ya Kwenda Tu

Haya yalimpata rafiki yangu seremala, mtu asiyejua kutunga uongo. Mchana mmoja alitumwa kupima milango ya stesheni kuukuu ya mji wetu. Treni ya mwisho ilipita pale miaka thelathini iliyopita, na reli zilishang'olewa zikauzwa chuma chakavu.

Alipoingia chumba cha tiketi, mlango ukajifunga nyuma yake. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa mbao, ndani giza totoro. Akiwa anapapasa kitasa, akasikia mabehewa yanakuja yakigongana, breki zikalia, kisha nyayo za watu wengi. Mtu akagonga kidirisha cha tiketi taratibu.

"Naomba ya kwenda tu, mwanangu. Kurudi sirudi."

Ilikuwa sauti ya mama yake, ambaye alikuwa nyumbani, mgonjwa wa kitandani mwaka wa pili sasa.

"Mama, usipande," akapaza sauti, huku akiusukuma mlango kwa bega mpaka likavimba. Haukutikisika. Nje filimbi ikapulizwa, treni ikaondoka polepole, na mlango ukafunguka wenyewe.

Alikimbia hadi nyumbani. Mama alikuwa kitandani, anahema kama mtu aliyetoka mbali.

"Mbona unanipigia kelele mbele za watu, baba?" akasema. "Imejaa. Wameniambia nirudi kesho."