Kiootabibu na Ungo wa Mchele

Kila alfajiri, katika jiji jipya la Morogoro, mwanga wa buluu uliwaka ukutani katika kila nyumba. Hicho kilikuwa kiootabibu, kioo kinachosoma mwili bila kuugusa. Mwenye miaka arobaini na zaidi alisimama mbele yake, na kabla hajamaliza kupiga mwayo, kioo kilishapima presha, sukari na mwendo wa moyo, kisha kikamtangazia majibu kwa sauti ya upole.

Kwa Kobelo, dereva wa garianga, gari la kuruka, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, majibu yalikuwa mabaya mwezi mzima. Dawa alikunywa, presha ikapanda. Asubuhi hii ilikuwa ya mwisho: ikisomeka juu tena, leseni yake ingefutwa.

Siwema, afisa ustawi wa jamii, aliziona habari hizo ofisini. Maafisa hawakuwa wakienda tena majumbani, kioo kilitosha. Lakini yeye alianza kazi enzi ambazo afisa alibisha hodi, akapewa kigoda uani, na akimkuta mwenyeji anachambua mchele, naye akaingiza mkono kwenye ungo. Ukimkazia mtu macho na kumwuliza shida yake, atasema hana. Macho yakiwa kwenye mchele, husema mwenyewe. Ufundi huo haukufundishwa darasani. Basi akachukua mchele, akaenda nyumbani kwa Kobelo.

"Hodi humu!"

"Karibu, mtani. Umekuja kunizika?"

"Nikuzike kwa gharama ya nani? Lete ungo. Mchele nimekuja nao."

Kobelo alicheka, akautoa ungo nyuma ya kabati. Ulikuwa na vumbi. Wakakaa chini.

"Mkono wako mzito," Siwema alimkebehi. "Chuya zote unaziacha."

"Aliyekuwa akichambua ni mke wangu, mama Zahoro. Mimi nilikuwa nakaa hapa tu nikimpigia soga."

Wakaendelea kuchambua. Kisha Kobelo akasema, bila kuinua uso, "Alianguka pale, mbele ya kioo. Nilidhani amezimia. Nikamwita. Kioo ndicho kilichonijibu. Kikasema moyo wake umesimama, kwa sauti ile ile kinayonisalimia nayo kila siku."

Siwema aliacha kuchambua.

"Kikianza kuongea, mtani, narudi siku ile."

Kumbe kioo kilikuwa kikipima hofu kiliyoileta chenyewe. Siwema aliinuka, akaweka kwenye kioo kidole chake, ambacho kioo hukitambua kuwa cha afisa, akaizima sauti. Kisha akausogeza ungo mbele ya kioo.

"Kaa hapa. Endelea. Na ile chuya pale umeiona, au nikuazime miwani?"

Kobelo alianza kusimulia jinsi mama Zahoro alivyowahi kumpikia mkwe wao wali wenye mawe, na yule mkwe, kwa heshima, akayameza yote. Alicheka hadi akapangusa machozi. Mwanga wa buluu uliwapitia wote wawili kimya, ukageuka kijani.

Maandishi yakatokea: *Presha imeshuka. Taja tiba iliyotumika.*

Siwema aliandika: *Mchele.*

Kioo kilitafuta dawa hiyo kwa muda mrefu.

Kobelo alivaa kofia yake ya kazi. Mlangoni aligeuka.

"Kesho utakuja?"

Wilaya nzima ilikuwa na afisa mmoja tu, naye ni yeye. Siwema aliutazama ungo. Mchele ulikuwa umebaki nusu.

"Usiumalize peke yako," akasema.