Mdimu Kwenye Kifuu

Hebu uone uani pa nyumba ya makuti pale Kaole, alasiri jua linapoanza kupoa. Pamefagiliwa. Mwanamke amechuchumaa mbele ya chungu kikubwa, mikono imejaa udongo, anahamisha mche. Nyuma yake, juu ya mkeka, mtoto wa miaka mitatu anagonganisha vigae. Utapita, utasalimu, utakwenda zako.

Ila mtoto yule hana miaka mitatu. Ana kumi.

Mwanamke yule jina lake Fatu. Mume wa kwanza alipomwacha, aliolewa tena Mkange, na binti yake Mina akamwachia mama yake, Bi Mwanamkasi. Kwa miaka saba kila msafiri alimletea salamu zilezile: Mina hajambo, anakula vizuri. Vita vya Hitla vilipokwisha, Fatu akaja kumchukua mwanawe. Akamkuta kama alivyomwacha. Meno yaleyale madogo. Gauni lilelile, limejaa viraka.

Alipouliza, Bi Mwanamkasi alimjibu kwa upole kwamba watoto wengine huchelewa. Akaongeza kwamba mtoto akishakua huja wenyewe wakamchukua, na mwanamke mzee hubaki akizungumza na kuta. Kisha akajitanda kanga, akaenda msibani Mbegani. Mlangoni alitoa onyo moja tu, kwamba kifuu kilichoko nyuma ya mafiga kisiguswe.

Fatu alikijua kifuu kile. Mina alizaliwa wakiwa katika chumba cha kupanga mjini, hawana shamba. Kitovu chake kilipodondoka walikizika ndani ya kifuu cha nazi pamoja na mbegu ya ndimu, wakisema watauhamisha mche siku watakayopata ardhi yao. Fatu alikiacha kwa mama yake pamoja na mtoto, na mche ulikuwa ungali humo. Haukuzidi shibiri moja, lakini shina lilikuwa limekakamaa kama la mti mzee, na majani yalikuwa madogo kama kucha.

Akaelewa.

Akatafuta chungu kilichotoboka chini, akachanganya udongo na mchanga na samadi. Akakilowesha kifuu, akalibana shina kati ya vidole viwili, akakipindua, akakigonga. Hakikutoka kitu. Akagonga tena... kimya. Basi akakipasua kwa mgongo wa kisu.

Ikatoka harufu. Haikuwa ya udongo. Ilikuwa ya chumba cha mzazi: maziwa, damu, ubani.

Nyuma yake Mina akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

"Mama," akasema, "sasa napumua."

Fatu akatokwa na machozi ya furaha, akaharakisha kazi. Mizizi ilikuwa imejizungusha mara nyingi, imekazana kama kamba. Marehemu baba yake, Mzee Bwanausi, alikuwa mkulima, naye alimfundisha tangu utotoni kwamba mzizi uliojizungusha hukatwa, usije ukaunyonga mti ndani ya chungu kipya. Hakuna mkulima wa pwani ile asiyejua hivyo.

Akakata.

Mzizi wa kwanza ulitoa maji meupe, ya vuguvugu.

Kule mkekani vigae vikanyamaza.

Akakata wa pili. Wa tatu.

"Mama, bado?" Mina akauliza kwa sauti ndogo.

"Bado kidogo, mwanangu. Vumilia."

Mtoto akavumilia. Bibi yake alikuwa amemzoeza asilie uani, majirani wasije wakamsikia. Fatu hakugeuka, maana macho yake yalikuwa kwenye kisu. Alikata mizizi tisa. Akaupanda mche, akashindilia udongo, akaumwagia maji.

Adhana ya magharibi ikaanza. Ndipo aliposikia... kacha... kacha... kama makuti makavu yanayokanyagwa.

Akageuka.

Mina alikuwa anakua. Shingo. Mabega. Mikono. Gauni likapasuka mgongoni. Uso ukarefuka, ukawa wa msichana wa miaka kumi, umelowa machozi, na mdomo ameuziba kwa viganja viwili.

"Alhamdulillahi," Fatu akanong'ona. "Simama, mwanangu, nikuone."

Mina hakusimama. Akainua upindo wa gauni. Miguu ilikuwa ileile ya mtoto wa miaka mitatu, imelegea kama kitambaa kilicholowa.

Bi Mwanamkasi aliingia wakati huo. Hakupiga kelele. Alikitazama chungu, akavitazama vipande vya mizizi vilivyotapakaa chini, kisha akamtazama mjukuu wake.

"Umekata mingapi?"

Fatu akakiweka kisu chini.

"Mimi nilimnyima urefu," mama yake akasema. "Miguu nilimwachia."

Aliulizwa sana alikifanyia nini kifuu kile, na nani aliyemfundisha. Hakusema, mpaka siku wanamvika sanda.

Fatu alirudi Mkange, Mina mgongoni na chungu kichwani. Mdimu umestawi, umetoa na miiba. Mina naye ameongezeka, kuanzia kiunoni kwenda juu. Lakini tangu masika ya mwaka huu mizizi imeanza kuchungulia kwenye tundu la chungu, na kila asubuhi binti huamka ameshika kifua, akisema hewa haimtoshi. Chungu kikubwa zaidi kimekwisha kununuliwa, kipo mlangoni. Fatu hukisogelea, kisha hurudi ndani.

Nami nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Siku ukishika kisu kwa faida ya mtu umpendaye, naye akakuuliza kama bado, geuka kwanza umtazame.