Gizani Hakuna Mkwe

Simu yangu ilikuwa imeisha chaji, nikaipeleka kwenye banda la video hapa Michenga. Jua lilipokaribia kuzama nikaenda kuichukua. Ningejua, ningeiacha iozee huko huko.

Banda lilikuwa limejaa. Kwenye runinga kulikuwa na picha la makauboi, farasi na vumbi, na mtafsiri anaongea Kiswahili juu ya Kizungu chao. Nikasimama mlangoni kumngoja mwenye banda. Kwenye picha, jamaa mmoja wa kofia kubwa alimwacha mkewe kalala, akanyata hadi zizi la farasi. Ndani alikuwamo mwanamke mtu mzima. Nikadhani ni mwizi anamvizia. Kumbe ni mama mkwe wake.

Akamshika mkono, akaanza kumnusa shingo. Mtafsiri, asiye na haya hata kidogo, akabembeleza kwa niaba yake: "Mama, nipe mkono. Gizani hakuna mkwe."

Watu wakacheka mpaka mabenchi yakalia. Mimi sikucheka. Kwetu mkwe hakupi mkono. Wendelin, mume wa binti yangu Levina, akinikuta njiani anashuka kwenye baiskeli, anachuchumaa pembeni na kuangalia chini, ndipo anasalimia. Akiwa na kitu cha kunipa anakiweka chini, anasogea, nami naokota. Miaka minne sijagusa hata ukucha wake, na kwa hilo nampenda. Nikatema mate pale mlangoni na kuondoka. Kwa hasira, simu nikaisahau.

Njia ya nyumbani inapita katikati ya majaruba ya mpunga. Giza lilikuwa linaingia. Nilikuwa bado nawalaani wale watu na farasi wao, niliposikia baiskeli nyuma yangu.

Tik... tik... tik...

Kisha harufu. Kambale aliyesahauliwa kwenye ndoo siku tatu.

"Shikamoo mama." Sauti ya Wendelin. "Umesahau simu."

Nikaitika bila kugeuka, kama inavyopasa, nikangoja aiweke chini. Badala yake mkono ukapita ubavuni pangu. Nami, mjinga wa wajinga, nikapokea.

Vidole vyake vilikuwa vinateleza. Vikagusa vyangu, vikakawia. Ute mzito ukanitiririka hadi kwenye kiwiko.

"Gizani hakuna mkwe," akanong'ona.

Nikakimbia, nimekaza ngumi.

Nyumbani nilimkuta Wendelin upande wao wa ua anaziba pancha, gurudumu la baiskeli yake limelala chini. Levina, mwenye mimba ya miezi minane, akasema mumewe hajatoka tangu mchana. Nikafungua ngumi kwenye mwanga wa taa.

Haikuwa simu.

Kilikuwa kipande cha kambale, kimeoza, funza wanapishana ndani yake. Nilitapika mpaka nyongo. Nikanawa kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Harufu haikutoka.

Asubuhi nikaikuta simu yangu bado iko kwenye chaji. Mwenye banda akaapa kuwa hakuna aliyeigusa. Nikaenda kwa jirani yangu Paskalina, mjane wa mvuvi, nikamweleza yote.

"Alikuita mama?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nikasema ndiyo.

"Ukapokea kwa mkono?"

Ndiyo.

"Basi hicho ni kishika uchumba, Mama Levina. Umeshakubali kumpa binti."

Akanieleza kwamba viumbe vya mtoni huvutwa na mwanga wa lile banda, husimama nyuma ya mabati na kusikiliza. Havijui kuwa lile ni picha tu. Vinadhani ndiyo desturi yetu siku hizi.

Nilimsimulia Wendelin nikiwa nimempa mgongo. Tukakubaliana kukikucha tumpeleke Levina Ifakara, akangojee uzazi karibu na hospitali. Ilibaki jioni moja tu.

Jioni hiyo Levina alikataa chakula. Nikamkuta nyuma ya jiko, amechuchumaa, anatafuna samaki mbichi, utumbo unaning'inia kidevuni. Nilipomuuliza nani kampa, akajifuta na kutabasamu kama bibi harusi. Nikamburuta ndani, Wendelin akafunga mlango kwa komeo.

Tik... tik... tik...

"Hodi mama."

Nikachungulia kwenye ufa. Mtu alikuwa amechuchumaa pembeni ya njia, anaangalia chini, kwa adabu zote. Mbele yake ameweka tungo la kambale.

Alikuwa amejifunza.

Levina akajifunga khanga vizuri. "Nipisheni," akasema. "Mume wangu amefika." Akaizima taa.

Nikahisi mkono wangu, ule uliopokea, unainuka wenyewe na kushika komeo. Sikuweza kuuzuia. Nikamwita Wendelin. Akaukamata kwa mikono yake miwili, mikavu, yenye joto, akaning'ang'ania huku analia kwa aibu, na mimi nalia. Mkwe wangu kanishika mkono!

Nje, kile kitu kikacheka taratibu.

"Si mnaona, mama? Gizani hakuna mkwe."

Wendelin hakuniachia mpaka kulipopambazuka. Levina tulimfikisha Ifakara, akajifungua mtoto wa kiume, mzima kabisa. Tangu siku ile Wendelin hajakanyaga kwangu, wala simlaumu. Mjukuu wangu huletwa hapa nimpakate. Ziwa la mama yake analisusa. Lakini mkono wangu wa kulia, ule uliopokea, akiupata, anavinyonya vidole vyote mpaka analala.